Siku Ambazo Mgaoni Hatukuhesabu

Hii si hadithi ya mfalme na binti yake. Hizo mnazo za kutosha kwenye simu zenu, na nyingi mmezisambaza bila kusoma hata nusu. Hii isome yote. Ukimaliza ukaona haikuhusu, anza tena mwanzo.

Kuna kijiji cha pwani kinaitwa Mgaoni. Mbele yake kuna tope pana sana. Maji yakitoka unaweza kutembea nusu saa kabla hujalowesha magoti. Kila mwaka kuanzia mwezi wa nane ndege hushuka pale, wengi wao kutoka nchi za baridi huko kaskazini, safari ya maelfu ya kilomita. Kuna sululu wenye midomo mirefu iliyopinda, kuna chokowe weupe wenye migongo myeusi, na kuna vitwitwi wadogo wanaokimbia ukingoni mwa maji. Wanakula minyoo na kaa mpaka mwezi wa nne, wakishanona wanarudi kwao kutaga. Wasipopata tope la kula hawanoni, na wasiponona hawafiki. Ni hivyo tu, wala huhitaji digrii kuelewa.

Nyuma ya tope kuna mashamba ya chumvi ya zamani, yalishaachwa. Siku za bamvua, maji yanapojaa mpaka ndani ya mikoko na tope lote likafunikwa, ndege wote huja kusimama kwenye matuta ya mashamba yale wakingoja maji yatoke. Hapo ndipo unapowahesabu, kwa sababu wamekusanyika. Bamvua huja mara mbili kwa mwezi, na sisi tulihesabu mara mbili kwa mwezi, msimu wote wa ndege. Tulikuwa watu tisa wa kujitolea. Darubini tulikuwa nazo mbili, na moja jicho lake la kushoto lilikuwa na ukungu.

Mwenyekiti wetu alikuwa Mwalimu Chengo, mwalimu mstaafu, ndiye aliyeanzisha kikundi. Katibu nilikuwa mimi. Nasema mapema ili mtu asije akadhani najitoa kwenye lawama.

Sasa sikia desturi yetu. Hesabu ikiisha tulikaa kwenye tuta, kila mtu anataja alichoona, tunalinganisha, mimi naandika kwenye fomu na Mwalimu anatia sahihi. Fomu zilikwenda mjini kwa watu wanaokusanya hesabu za pwani nzima. Lakini tukifika tukakuta matuta matupu, hakuna ndege hata mmoja, Mwalimu alirudisha darubini kwenye mfuko wake akasema, "Leo hatukuhesabu." Mimi nilikunja fomu nikaitia mfukoni, tukaenda kunywa chai.

Miaka minane tulifanya hivyo na hakuna aliyeuliza. Siku kama hizo zilikuwa chache, mbili au tatu kwa mwaka. Kwa Mwalimu, ndege wasipokuwepo hakuna cha kuhesabu, na kama hakuna cha kuhesabu basi hakuna hesabu. Tena kulikuwa na jambo jingine, na hili ndilo linalonichoma mpaka leo. Kila mwaka vikundi vyote vya pwani vilikutana, wastani wa kila kikundi ukasomwa mbele ya watu, na Mgaoni haikukosa kuwa ya kwanza au ya pili. Tulipewa vyeti. Mwalimu alivitundika sebuleni kwake, juu ya picha ya harusi yake.

Mwaka wa tisa ikaja kampuni. Ilitaka kuligeuza tope lote kuwa mabwawa ya kufuga kamba wa kuuza ng'ambo. Wapo waliofurahi kwa ajili ya kazi, siwalaumu. Ikapewa ruhusa ya majaribio ya miaka mitatu: ichimbe mabwawa machache pembeni, halafu itaangaliwa kama ndege wanadhurika au hawadhuriki. Likaletwa tingatinga. Siku lilipounguruma, ndege hawakukaribia. Siku lilipoharibika au dereva alipokwenda kwao, walikuja, tena walikuja wengi kuliko zamani, kwa sababu tope la kijiji jirani lilikuwa limeshazibwa na hawakuwa na pengine pa kwenda.

Mwaka huohuo alijiunga nasi Mbodze. Yeye ni mhudumu wa afya wa kijiji. Kazi yake ni kupima watoto uzito pale zahanati na kujaza kadi zao. Ni mwanamke wa maneno machache, na akikasirika huongea polepole zaidi. Ndani ya miezi mitatu aliwajua ndege kuliko baadhi yetu tuliokuwa na miaka.

Bamvua moja ya mwezi wa kumi tulikuta tingatinga liko kazini na matuta meupe, hayana hata unyoya. Mwalimu akasema maneno yake ya siku zote. Mbodze akaninyooshea mkono akaomba fomu. Nikamuuliza ya nini.

"Niandike sifuri."

Tulicheka. Mimi nilicheka mpaka nikakohoa, Mungu anisamehe. Mwalimu akamwambia, kwa ule upole wa darasani, kwamba sifuri hupewa mtoto ambaye hakusoma, na Mgaoni haijawahi kupeleka sifuri mjini wala haitapeleka. Mbodze hakucheka.

"Mwalimu, mtoto asipoongeza uzito, naandika hajaongeza," alisema. "Nikiuruka mwezi huo kwa sababu haunifurahishi, mtoto atakufa huku kwenye kadi ni mzima."

Mwalimu akamjibu kwamba ndege si watoto. Tukaenda kunywa chai.

Mwanamke yule hakuacha. Alilileta jambo hilo kwenye mkutano wa kikundi mara tatu. Mara ya kwanza tukamwambia yeye ni mgeni, atulie kwanza ajifunze. Mara ya pili mmoja wetu akasema tukianza kupeleka sifuri, watu wa mjini watadhani hatukutoka nyumbani. Mara ya tatu alikuja amekumbuka siku zote kichwani: katika bamvua kumi na nane tulizokwenda pamoja naye, saba hatukuandika kitu. Saba, na ndizo hasa zile za tingatinga. Alituuliza kama kuna hata mmoja kati yetu asiyeona.

Tuliona. Usidhani tulikuwa wajinga. Tuliona vizuri sana, ila hatukutaka kuonekana.

Mwalimu akapandwa na hasira. Alisema kuna watu wakiingia kwenye nyumba safi kazi yao ni kutafuta uchafu wa kuwaonyesha wageni. Alisema vyeti vile havikuletwa na wanung'unikaji. Kisha akataka kura, Mbodze asimame kando na hesabu mpaka atakapojifunza heshima. Mikono ikapanda. Wangu ulikuwa wa nne.

Mbodze alivua kofia ya kikundi, akaiweka mezani, akaenda zake. Hakumtukana mtu. Ningefurahi kama angetutukana.

Miaka miwili ikapita. Siku tupu zikazidi. Kuna msimu tulitembea mpaka kwenye matuta mara kumi na nane, tukaandika mara nne. Na hizo nne, wallahi, zilikuwa nzuri kweli: sululu mia tatu, chokowe mia moja na ushee, vitwitwi mpaka unachoka kuhesabu. Mwaka ule tulikuwa wa kwanza pwani nzima na tukapigwa picha.

Majaribio yakaisha, kampuni ikaomba tope zima. Kikaitishwa kikao cha wazi katika ukumbi wa chifu. Aliyepewa uamuzi alikuwa afisa wa mazingira, mwanamke anayeitwa Madam Chelagat. Alikaa mbele na faili lake, na ukimtazama usoni huwezi kujua amelalia upande gani. Sisi tulikaa mstari wa kwanza tumevaa fulana za kikundi. Mwalimu alikuwa na hotuba ya kurasa nne kuhusu jinsi ndege wanavyofukuzwa. Tulikuwa na hakika tunashinda. Nani anawajua ndege wa Mgaoni kuliko sisi?

Akasimama kwanza mtaalamu wa kampuni. Mimi nilikuwa nimejiandaa kumzomea akidanganya. Hakudanganya hata neno moja. Aliwasha mashine yake, karatasi ikatokea ukutani kubwa kama shuka, na mwandiko uliokuwa juu yake ulikuwa wangu.

Alisema kampuni haikutaka kutumia hesabu zake yenyewe, watu wasije wakasema imejipendelea. Imetumia hesabu za wananchi, watu waaminifu, za miaka kumi na moja. Kabla ya tingatinga, wastani wa ndege kwa kila hesabu ulikuwa mia sita na arobaini. Baada ya tingatinga, mia saba na themanini. Akaongeza kwamba amezipitia fomu zote na hakuna siku hata moja ambayo ndege walikosekana. Kwa hiyo mabwawa hayawasumbui, na pengine wanayapenda. Halafu akatugeukia, akamshukuru Mwalimu Chengo kwa jina lake, akauomba ukumbi utupigie makofi.

Na ukumbi ukatupigia makofi. Hebu fikiria. Watu walisimama.

Mwalimu akainuka. Alisema hapana, si hivyo, ziko siku nyingi sana ndege hawakuja, tingatinga liliwafukuza, kijiji kizima kinajua. Madam Chelagat akashika kalamu.

"Siku gani, Mwalimu? Nipe tarehe."

Mwalimu akanitazama mimi. Mimi nikatazama viatu vyangu.

"Tarehe hatuna, madam. Siku hizo hatukuhesabu."

"Kama hamkuhesabu, mlijuaje kwamba hawakuwepo?"

Watu wa nyuma wakaanza kucheka. Mtaalamu wa kampuni hakucheka, na hilo liliniuma zaidi. Alikuwa anamtazama Mwalimu kwa huruma, kama unavyomtazama mzee aliyesahau njia ya kwake.

Hapo ndipo Mwalimu alipogeuka akamwona Mbodze. Alikuwa amekaa karibu na mlango, ametoka zahanati moja kwa moja, bado amevaa lile koti lake jeupe. Nilijiambia, mtu wa namna hii lazima aliandika kwake nyumbani, lazima analo daftari. Nanyi mnaosoma najua mnalingoja daftari hilo. Ndivyo zinavyokwenda hadithi zote mnazotumiana: aliyedharauliwa anasimama, anatoa daftari, anaokoa waliomdharau, wote wanalia na kukumbatiana. Mimi nilimwomba Mungu iwe hivyohivyo.

Mwalimu akamwita kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwake.

"Mama, wewe uliandika, sivyo? Tusaidie."

Mbodze alisimama. Alijibu polepole sana.

"Mlipiga kura nisiandike," alisema. "Sikuandika."

Akakaa chini.

Nitasema kweli. Kwa dakika chache nilimchukia. Nilijiuliza ni moyo gani huu, unawaachaje ndege waangamie kwa ajili ya ugomvi wa watu. Mwenye kosa ndivyo alivyo, haraka sana hutafuta wa kumbebesha. Lakini yule aliiomba fomu akiwa amesimama mbele yangu, na fomu ilikuwa mfukoni mwangu, na mkono wangu ulikuwa wa nne kupanda. Nilitaka nini zaidi kutoka kwake? Afanye kazi yetu kwa siri, halafu atuletee ushindi kwenye sinia?

Wiki tatu baadaye Madam Chelagat alirudi kutangaza uamuzi. Kampuni imepewa tope lote. Ripoti ilisema wazi kwamba uamuzi umetegemea takwimu za kikundi cha wananchi wa Mgaoni, na fomu zetu zimeambatishwa, ukurasa kwa ukurasa, mwandiko wangu na sahihi ya Mwalimu. Ilitusifu kwa moyo wa kujitolea.

Watu walipotawanyika, yule afisa alituita mimi na Mwalimu pembeni ya gari lake. Nilidhani anataka kutupa pole. Kumbe alikuwa na hasira kuliko sisi.

"Mimi nilikuwa natafuta sababu ya kuinyima kampuni," alisema. "Niliona fomu zimepungua, nikajua kuna kitu. Nimezisoma zote mara mbili nikitafuta siku moja mbaya. Mngenipa siku tatu tu za sifuri, zenye tarehe, ningesimamisha kila kitu."

Mwalimu akasema sisi tulitaka tu tope letu lionekane zuri.

"Limeonekana zuri," alisema Madam Chelagat, akafunga mlango wa gari.

Matingatinga yalikuja manne. Kufikia mwezi wa nane tope lilikuwa limeshagawanywa kwa kuta, maji yamesimama kila mahali, wavu juu yake. Ndege hawakupata barua ya kuwaarifu. Walifika kama kawaida yao, wamekonda kwa safari, wakazunguka juu ya mabwawa wakitafuta pa kushuka. Waliotua kwenye kuta walifukuzwa kwa fataki, maana kamba ni mali ya watu. Wengine walisimama kwenye matuta ya chumvi siku mbili, siku tatu, bila kula, kisha wakaondoka. Wamekwenda wapi, sijui. Asubuhi moja niliokota vitwitwi wanne waliokufa. Nilipowaweka kiganjani sikuhisi uzito wowote.

Sitaki mtu aniambie ni mapenzi ya Mungu. Sitaki kusikia habari za kampuni kubwa na wanyonge wasio na sauti. Sauti tulikuwa nayo miaka kumi na moja, kila bamvua, kwa maandishi, na tuliitumia kujisifu.

Mwalimu Chengo hashuki tena baharini. Kikundi kilimwendea Mbodze kwake, tukamwomba awe mwenyekiti. Nilitegemea atatufungia mlango. Hakutufungia, lakini pia hakutukaribisha ndani. Alituuliza kama tunalijua lile tope dogo la ng'ambo ya mkondo, ambalo kampuni imeshaanza kulipigia vigingi. Tukasema tunalijua. Akasema hesabu itaanza bamvua inayokuja, na atakayechelewa asije.

Alirudi kwa ajili ya ndege waliobaki. Sisi hajatusamehe, na sioni kwa nini atusamehe. Tunapofika tukakuta ndege, anawahesabu mara mbili. Tunapofika tukakuta patupu, hatusemi kitu, hatuendi kunywa chai. Ananipa fomu na kalamu niandike mimi, sululu sifuri, chokowe sifuri, vitwitwi sifuri, tarehe, saa, na sababu, na yeye anasimama palepale juu ya kichwa changu mpaka nimalize.

Mtumie hadithi hii yeyote unayemjua anayeandika ripoti kwa niaba ya wengine, awe katibu wa kikundi, mwalimu, muuguzi au karani wa kijiji. Asipoipenda, mtumie mara ya pili.

Funzo: Ukificha siku mbaya za kitu unachokipenda ili kionekane kizuri, umekinyima ushahidi siku kitakapouhitaji, na anayetaka kukiangamiza hatahitaji kusema uongo, atasoma tu ulichoandika wewe.